Mama Kamera na Maharage ya Mama Yake

Maneno yalianzia kwa msusi wa mlango wa pili: eti Mama Kamera anamrekodi mama yake mzazi akila kiporo, ili watu wamcheke kwenye televisheni.

"Mtu na akili zake!" msusi alisema, akivuta nywele za mteja mpaka macho yakamtoka. "Hata aibu hana."

Kumrekodi, kweli alimrekodi. Asubuhi nne mfululizo, mtoto mgongoni, kamera mkononi, alimfuata mama yake, bibi wa huyo mtoto, jikoni akipasha maharage ya jana kwenye jiko la gesi, ndani ya sufuria lililokatika mkono. Bibi huonja kwa kudondoshea mchuzi nyuma ya kiganja, tena hajui kupika kimyakimya. Kila akikoroga anasimulia: haya alifundishwa na mama mkwe, ila vitunguu vingi hivi ni ubishi wake mwenyewe. Hiyo ndiyo filamu aliyoitaka Mama Kamera: watu wajijue kwa kile wanachokula kweli.

Bosi wa televisheni, aliyemsubiri mwaka mzima amalizie filamu hiyo ya vyakula vya asili, hakupendezwa. "Gesi? Kiporo? Utamaduni uko wapi hapo?" Akaja mwenyewe na mawe matatu na chungu kipya. Bibi, kwa kumheshimu mgeni, akawasha moto uani, akainjika chungu, akamimina maji. Moto ukafa fuuu! Chungu kilikuwa na tundu chini.

"Baba," bibi akamwambia, akijifuta machozi ya kicheko, "hiki ni cha kupandia maua."

Kamera ilikuwa bado inarekodi.

"Kata hapo," bosi akafoka. "Na kile kiporo kata. Usipokata, hairushwi."

"Sikati."

"Mwaka mzima wa kazi, binti, unautupa?"

"Nautupaje, na watazamaji ninao? Mama yangu si wa makumbusho, bosi. Chukua chungu chako kapande maua."

Akamfunga mtoto upya mgongoni, kisha akaenda moja kwa moja mlango wa pili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmefukuzana huko?"

"Tumeachana. Kesho jioni naionyesha filamu yote ukutani, hapahapa uani, kila mtu ajionee kama mama yangu ni wa kuchekwa. Na ukuta wako ndio mweupe kuliko zote. Naomba uanue nguo mapema, dada yangu, na ile kamba uifungue."