Goti la Ombati na Mkataba wa Tisini na Nne

Ijumaa, Machi 15, 2013, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Nahashon Ombati, na yaliharibika huku akishangiliwa.

Saa saba na nusu mchana. Waislamu wamerudi kutoka msikitini, Wakristo wamerudi kutoka kanisani, na ukumbi wa kulia chakula wa kambi ya walinzi, Umm Salal, umejaa. Sahani za wali zimesukumwa pembeni. Ombati, mlinzi wa getini aliyetoka Keroka, Kenya, amesimama upande wa mlangoni. Jasho linamtiririka, kidole kimeelekea dirishani.

"Nyinyi wa ofisi mnasema goti lake limekwisha," anawaambia waliokaa dirishani, ambao leo wanaigiza ofisi ya klabu. "Haya, nani amepita kwake? Nitajieni mmoja tu!"

"Wee Ombati, jamaa amepasuliwa mara mbili!" anamrushia mlinzi mwenzake, Njenga. "Hiyo si goti tena bana, hiyo ni bawaba!"

Ukumbi unaangua kicheko.

Anayezungumziwa hayuko Qatar, wala hajui kama Umm Salal ni mtaa au ni jina la mtu. Ni mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuongezea. Kazi yake ni kuzuia. Walinzi hawa humwita kwa namba ya jezi tu: Tisini na Nne. Mkataba wake unaisha, na swali la mchana huo ni kama klabu yake imwongezee miaka au imwache aende zake.

Kicheko kinapozidi, Ombati anainama. Anaukunja mguu wa suruali yake mpaka pajani.

Goti limevimba, limejaa maji, ngozi inang'aa. Pembeni kuna alama za bandeji ya kubana.

"Hili hapa!" anapaza sauti. "Mwaka mzima na zaidi nasimama juu ya hili, geti la West Bay. Nani amepita? Semeni! Gari gani? Mtu gani?"

Kisha meza zinapigwa mpaka vikombe vinaruka. Hata waliokaa dirishani wanapiga. Mjadala umekwisha, Tisini na Nne ameongezewa mkataba, angalau na Umm Salal, na upande wa ofisi unakwenda kununua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki.

Mmoja tu hakupiga meza. Huyo ni Philip, msimamizi wa zamu, Mkenya mwenzao, aliyekuwa amekaa dirishani siku hiyo kama shabiki tu.

Jumapili alfajiri basi la West Bay liliondoka bila Ombati, jina lake likiwa limefutwa kwenye orodha ya zamu.

Msomaji atauliza, walinzi kutoka Keroka, Thika na Unguja wameingiaje kwenye mpira ambao hata nyumbani kwao hakuna anayeucheza? Jibu ni la kawaida kabisa. Mwaka 2009 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi katika nyumba walizokuwa wakizilinda alihama, akawaachia televisheni na king'amuzi. Chaneli za mpira wa Uingereza zilikuwa zimefungwa. Iliyofunguka ilikuwa moja tu, ya mpira huu wa Kimarekani.

"Tulicheka mwezi mzima," anakumbuka Makame, mlinzi kutoka Unguja ambaye ndiye mwenyekiti wa mijadala. "Tukasema, hebu watazameni, wanaume wazima wamejifunga magodoro. Tukishindwa hata kujua nani anamkimbiza nani."

Makame ndiye aliyewafumbua macho. Jumapili moja jioni alisimama mbele ya televisheni akaanza kuwaonyesha. Wale wanne wa mbele, alisema, ndio geti. Wale watatu wa nyuma yao ndio doria. Na yule aliyesimama peke yake huko nyuma kabisa, ndiye wa lango la ndani, akipitwa yeye, mwizi ameshafika chumbani.

Tangu siku hiyo hawakutazama kingine. Na wakaweka sheria yao wenyewe: mtu wa kufunga hajadiliwi.

"Hao wana magazeti yao, wana matangazo yao," anasema Makame. "Sisi hapa tunajadili walinzi tu. Maana akifunga yule, jina lake linaimbwa. Huyu akizuia, watu wanasema alikuwa pale tu."

Msimu ukiisha, wakati klabu zinapoamua nani abaki na nani aondoke, kambi hugawanyika kila Ijumaa. Nusu hukaa dirishani kuwa ofisi, nusu hukaa mlangoni kuwa mawakili wa mchezaji. Wiki inayofuata wanabadilishana. Kwa hiyo kila mmoja hujifunza kusema kama tajiri, na kila mmoja hujifunza kuomba.

Ombati hakupenda kukaa dirishani. Ilipofika zamu yake ya kuwa ofisi, alikuwa akisingizia kufua nguo.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo aliificha ndani ya suruali.

Mwanzoni mwa mwaka 2012, kizuizi cha geti analolinda, lile bomba refu linalopanda na kushuka, kilikatika kwenye mhimili gari la familia likiwa linapita chini yake. Ombati alilidaka bomba kwa bega. Gari likapita. Yeye akabaki ameelemewa, mguu umejipinda, akasikia kitu kikilia ndani ya goti.

"Kililia kama mtu anavunja muwa," anasema.

Mama aliyekuwa akiendesha alishuka, akamshukuru, akampa chupa ya maji. Msimamizi wa wakati huo, ambaye ameshaondoka nchini, alimpa ushauri. Alimwambia hili likifika ofisini hawataandika kwamba umeokoa gari, wataandika kwamba wewe ni mgonjwa. Meza maumivu yako, rafiki, simama.

Akasimama. Saa kumi na mbili kwa siku, kwa riyal elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Akanunua bandeji ya kubana na vidonge vya maumivu. Makame, aliyepangwa ndani kwenye kiyoyozi, alibadilishana naye sehemu kila walipoweza. Katika kambi ambako kila mtu akirudi kutoka kazini anavaa kikoi au kaptula kwa joto, Ombati hakuwahi kuonekana bila suruali ndefu.

"Tulidhani ameokoka sana," anasema Njenga. Hacheki akisema hivyo.

Alikuwa na hesabu yake. Mkataba wake wa miaka miwili unaisha mwisho wa Juni. Akiongezewa, angekuwa na kadi ya hospitali kwa miaka mingine miwili, na akishatia saini ndipo angesema, hili goti linaniuma, nipelekeni kwa daktari. Hapa lingetengenezwa. Keroka, goti kama hilo ni la kuuza shamba.

Ndiyo maana alimtetea Tisini na Nne kuliko wote. Alimfuatilia mechi kwa mechi. Watu wa dirishani walipotaja kwamba zamani alimwangusha mrusha mpira wa timu pinzani mara kumi na moja kwa msimu na sasa mara nne tu, Ombati aliwajibu kwa lugha ya getini.

"Nyinyi mnahesabu waliokamatwa. Mimi nahesabu walioghairi. Timu zote siku hizi zinakimbilia upande ule mwingine. Kwa nini? Kwa sababu yeye yuko huku! Sasa mtu asipojaribu geti lako kwa kukuogopa, mkubwa anaangalia anasema huyu hana kazi anayofanya. Ni haki hiyo?"

Ni haki hiyo? Wakubwa hawakai getini, watajuaje. Mkubwa hulijua geti siku limevunjwa. Miaka yote lilipokuwa zima alikuwa akipita ndani ya gari, kioo juu, akisoma simu.

Basi ile Ijumaa, hoja zilipomwishia na Njenga akaleta utani wa bawaba, Ombati akatoa ushahidi aliokuwa ameuficha mwaka mzima. Alishinda mjadala wa goti la mtu mwingine kwa kulionyesha lake.

"Kusema kweli sikumwona Philip," anasema. "Yaani nilimwona, lakini nilimwona kama mtu wa dirishani. Pale hakuna bosi. Sote ni mashabiki. Ndivyo nilivyodhani."

Jumatatu aliitwa ofisini, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, Barabara ya Salwa. Daktari wa kampuni alilibonyeza goti kwa kidole kimoja, akauliza anatoka nchi gani, akaandika. Mudiri, yaani meneja, hakuinua uso. Alisema Ombati atakuwa stendibai, maana yake akae kambini, asipangiwe geti, mpaka uongozi uamue kama mkataba wake utaongezwa.

"Nikamwambia, sir, niliumia kazini. Akasema hakuna mahali palipoandikwa. Nikamwambia nilikatazwa kuandika. Akasema, na nani? Nikamtaja. Akasema huyo hayupo tena. Khalas, imekwisha."

Hivyo ndivyo wenye kalamu walivyopangwa dunia nzima. Aliyetoa amri ameondoka, aliyebaki hakuwepo, na anayelipa ni yule asiyeweza kwenda popote. Kwenda popote ni vigumu kweli, kwa kuwa bila barua ya ruhusa ya kampuni hiyo hiyo, Ombati hawezi kuajiriwa na nyingine.

Philip hakukataa kuzungumza. Alizungumza amesimama, funguo za gari la doria mkononi.

"Watu wananiona mimi ni nyoka," alisema. "Lakini hebu fikiria. Watu arobaini wameliona hilo goti. Kesho ashindwe kusimama, mtu apite, mimi ndiye nitaulizwa, ulijua? Mimi pia nina mkataba. Wangu unaisha Agosti."

Aliulizwa kama alimweleza mudiri pia habari ya kizuizi na gari la familia.

"Niliulizwa kuhusu goti," alisema. "Hilo lingine sikuulizwa."

Kwa sasa Ombati huzunguka. Hakai. Anafagia ukumbi ambao una mfagiaji wake. Anakwenda kwenye geti la kambi, anatazama barabara ya vumbi, anarudi. Anapanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, anashuka tena kwa sababu amekumbuka kitu, akifika chini amekisahau. Simu ikilia anaidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akidhani ni ofisi. Mara nyingi ni mkewe, Emily.

"Baba Kerubo, wamesemaje?" sauti ya Emily inasikika mpaka upande wa pili wa meza.

"Bado."

"Bado mpaka lini? Mwenye chumba cha mashine anauliza."

"Mwambie angojee kidogo."

"Nilimwambia hivyo Machi. Na goti?"

"Liko."

"Najua liko, Baba Kerubo. Linakuuma?"

Anaugeuzia ukuta uso. Mwenye mke wa kumuuliza hivyo na amjibu vizuri. Simu haiiti milele.

Wanandoa hao wanataka kufungua mashine ya kusaga unga sokoni Keroka. Chumba wameshaahidiwa. Miaka miwili zaidi ya Doha ingeinunua mashine, na daktari wa Doha angelirudisha goti la kuisimamia. Mpango wote umeegemea saini ya mtu ambaye Ombati amemwona mara moja, tena utosi tu.

Wiki ya pili ya Mei habari iliingia kambini kupitia simu ya Njenga. Klabu ya Tisini na Nne imeamua. Amepewa miaka mitatu, dola milioni ishirini na nne, na kwenye mkataba imeandikwa kwamba goti lile litatibiwa na madaktari wa klabu hata akikaa nje msimu mzima.

Kelele zilizopigwa Umm Salal zilimtoa mpishi jikoni na mwiko wake.

"Ombati! Ombati! Wakili!" Walimbeba juujuu, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama ubao. Alikuwa anacheka, na alikuwa anawaambia wamshushe polepole.

"Buda, wewe ulijuaje?" Njenga alikuwa akimwuliza. "Wazungu wenye kompyuta walisema ataachwa!"

"Nilijua," Ombati alisema. "Wale walimwona akilinda. Ni hivyo tu."

Kwa sheria ya kambi, aliyewahi kukaa dirishani kwenye mjadala wa mchezaji huyo ndiye anayenunua karaki matokeo yakitoka kinyume. Philip hakukwepa. Ijumaa iliyofuata alikuja na birika kubwa la plastiki kutoka mkahawani na furushi la vikombe vya karatasi, akawamiminia mmoja mmoja. Alipofika kwa Ombati alimjazia mpaka ukingoni.

"Hongera, mzee," alisema. "Ulinishinda kihalali."

"Kaa basi, yakhe," Makame alimwambia Philip. "Leo mwenzetu ana neno. Mwacheni aseme, nyie watoto, hebu nyamazeni."

Philip alikaa. Kwa mazoea, alikaa dirishani.

Ombati alisimama mlangoni, pale pale aliposimama Machi, kikombe mkononi. Alikuwa amevaa kaptula. Tangu lile goti lionekane, hana tena la kuficha, na joto la Mei halina mzaha.

Hakupaza sauti. Alisema ametoka tena ofisini siku iliyotangulia, akaambiwa uongozi bado unatafakari, na kwamba kama anataka, tiketi ya kurudi nyumbani inaweza kukatwa hata kabla ya Juni. Alisema yeye hataki tiketi. Anataka kurudi getini kwake, au atibiwe kwanza ndipo aende. Kimojawapo. Yuko tayari kukaa kwenye kiti ndani ya kibanda na kubonyeza kitufe cha kizuizi kipya, ambacho hakikatiki.

"Lakini leo siombi," alisema. "Leo nauliza, kama tunavyouliza hapa kila Ijumaa. Wewe Philip uko ofisi. Nijibu kama ofisi, au nijibu kama Philip, yoyote."

Philip aliinua kikombe, akakuta kimekwisha, akakishika hivyo hivyo.

"Nilipolidaka lile bomba nilikuwa nimevaa sare ya kampuni, nimesimama geti la kampuni, saa ya kampuni," Ombati alisema. "Sasa hili goti, ni la nani?"