Moshi wa Injini ya Mezani

Ile treni ya kuchezea ni yangu. Kwa miaka mingi nimewaambia akina mama wa kwaya, wageni, na hata mchungaji, kwamba ni ya mpwa wangu, ameiacha kwangu Kayanga kwa muda tu. Mpwa wangu ameshaoa na ana watoto, na treni bado iko kwenye meza yangu ya chakula. Nina shahada mbili, nimeshapita hamsini, na nikimaliza kazi nafunga mlango naendesha injini ndogo ya umeme, iliyoundwa kwa mfano wa zile za mvuke, kwa kubonyeza vitufe.

Mtu ambaye sikuweza kumdanganya ni baba. Ujanani alifanya kazi Tabora kwenye injini za mvuke za kweli, akisimamia moto wa mafuta mazito, kisha akarudi Bweranyange kulima kahawa. Nilipompelekea injini yangu mara ya kwanza, aliitazama ikizunguka sakafuni mara mbili.

"Hicho kitu kinakimbia vizuri," alisema. "Lakini hakina moto tumboni."

Kitu! Nilicheka, nikafungasha, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaamua: kitatoa moshi, na yeye atakiita injini.

Kifaa cha moshi ni kibomba cha chuma kinachokaa chini ya dohani. Ndani yake kuna waya unaopasha mafuta maalumu mpaka yafuke. Nilikiagiza, na kilipofika nikakiunga kwenye waya wa taa ya mbele, bila kupima kinavuta umeme kiasi gani. Ile saketi inayopokea amri zangu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ikatoa moshi yenyewe, mara moja, ikafa.

Nikaenda kwa fundi wa simu wa sokoni, mwanamume wa rika langu.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mpwa wangu."

Akachungulia ndani kwa kioo chake cha kukuzia. "Mpwa wako anapaka rangi ya kucha? Naona nyaya zimegandishwa kwa nyekundu."

Nikaficha vidole kwenye kitenge. Yeye akaendelea, kwa huruma ya daktari. "Umemtwisha mwenyekiti wa kijiji ndoo ya maji, mama. Saketi itoe amri tu. Umeme wa kupashia moto utoke moja kwa moja kwenye reli, na katikati uweke transista iwe swichi."

Nikanunua saketi nyingine, nikafuata maneno yake, nikaunguza vidole viwili. Moshi ukatoka. Nikafurahi, nikaujaribu tena na tena mpaka mafuta yakaisha.

Sasa, sisi kwetu mtoto akiungua anapakwa samli, akikohoa analambishwa samli, na bawaba ya mlango ikilia inatiwa samli. Nilitia matone matatu kwenye dohani. Kwa dakika moja nyumba ilinukia kama jiko la harusi. Kisha samli ikaungua ndani na kuziba kila kitu. Nilitumia siku mbili kuikwangua kwa sindano na spiriti, nikaagiza mafuta yanayostahili, nikasubiri wiki tatu.

Jumapili, baada ya ibada, niliitandaza reli tena sebuleni kwa baba. Injini ikaondoka ikifuka, ikazunguka, ikasimama ikifuka. Baba aliinama mpaka nikaogopa ataanguka kutoka kitini. Kisha akajiinua polepole.

"Chai inapoa," akasema. Basi. Nikarudi Kayanga kama mwanafunzi aliyerudishiwa tasnifu yake bila hata ukurasa kufunguliwa.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa baba.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Sikulala vizuri. Jana ulipoisimamisha, moshi uliendelea kutoka vilevile."

"Ndiyo, tata."

"Ni mafuta yanapotea bure hayo! Ikisimama unapunguza moto. Ikianza kuvuta, unaongeza. Kwa moshi kama ule dereva wangu angenishusha porini nirudi kwa miguu."

Nikamuuliza, taratibu, kama alikuwa anazungumzia kile kitu changu.

"Kitu gani? Nazungumzia injini. Una kalamu hapo? Andika."