Kigong'ota wa Bwawani

Fundi viatu yule watu walimwita Kigong'ota, maana kutwa nzima alikuwa akigonga soli kibandani kwake, ko-ko-ko, mpaka kinyozi wa jirani akachoka kulalamika. Jina lenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kigong'ota ni ndege, na yeye alikuwa mtu wa ndege. Kila Jumamosi asubuhi alifunga kibanda, akatundika darubini shingoni na kwenda na wenzake wa chama cha watazama ndege kwenye bwawa nyuma ya mji.

Mkewe, msusi mwenye saluni yake, aliwaita ndege hao wake wenza.

"Haya, nenda kwa wenzangu," alikuwa akimwambia. "Wasalimie sana."

Jioni Kigong'ota alirudi ana matope hadi magotini, akavuta kigoda karibu na mkewe na kuanza. Leo korongo kameza chura mzimamzima! Leo mdiria kazama, kaibuka na samaki mkubwa kumshinda mwenyewe! Na nani aliyewaona kwanza? Nani aliyewaambia wenzake watulie? Ni yeye, nani mwingine! Mkewe alimsikiliza huku miguu yake iliyovimba kwa kusimama ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Miaka nenda miaka rudi, aliamini kwamba bila mumewe chama kile kingekufa kifo cha mende.

Moyo ndio uliomchukua Kigong'ota, ghafla, akiwa kibandani na kiatu cha mtu mapajani. Watu walikuja, wakalia, wakatawanyika. Mjane akarudi saluni kwake. Siku nyingine aliziweza. Jumamosi jioni ndiyo iliyomshinda: alipokanda miguu yake, nyumba ilikuwa kimya hata maji aliyasikia yakipoa.

Ndipo mwenyekiti wa chama, muuguzi mstaafu, alipokuja kumwona.

"Shemeji, Jumamosi hii tunamkumbuka mzee wetu palepale bwawani. Njoo, hata kama ni kukaa tu."

Msusi alifunga saluni, akaenda.

Waliketi kwenye ukuta mfupi wa bwawa, wakamiminiana chai kutoka kwenye chupa. Mjane alijiweka sawa kusikiliza sifa. Fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la mabega mapana, akakohoa kidogo.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Marehemu tulimpenda kufa. Lakini hakuwa mtazama ndege. Alikuwa mfukuza ndege."

Wenzake wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Mfukuza ndege vipi?" akauliza msusi.

"Chafya zake! Tunanyata nusu saa, tunamkaribia korongo, mara, 'Haachiii!' Bwawa zima linabaki tupu."

"Na yale macho," akadakia muuguzi. "Siku moja katulaza kifudifudi kwenye majani tumtazame bundi. Kumbe mfuko wa plastiki umenasa mtini!"

Msusi aliwatazama mmoja mmoja. Korongo wake, mdiria wake, jioni zote zile! Kicheko kikampanda kutoka tumboni. Alicheka mpaka chai ikamwagika, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi kweli, na muuguzi akamshika bega.

Alipotulia, akauliza, "Sasa mlikaa naye ya nini?"

Muuguzi aliweka kikombe chake ukutani.

"Nilipokuja hapa mara ya kwanza, nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu. Nilisimama kule pembeni, sitaki mtu. Akanifuata. 'Dada, hebu nisaidie, yule ni bata au jiwe?' Lilikuwa jiwe, shemeji, na yeyote angeliona. Lakini tulibishana hata nikasahau kwamba nilitaka kurudi nyumbani. Tangu hapo sijakosa Jumamosi."

"Mimi alinishonea viatu nilivyovaa hivi," alisema mchomeleaji, "akakataa katakata kulipwa. 'Utakuja vipi na viatu vinavyocheka?' akaniambia."

Msusi aliyatazama maji ya bwawa. Akamwona mumewe akivuka madimbwi, akipiga chafya, akikosa hiki na kile, halafu njiani kurudi akiutengeneza upya mji mzima wa ndege kwa ajili ya mtu aliyeshinda amesimama ndani ya saluni isiyo na dirisha.

Mchomeleaji alimvisha darubini. Kwa muda hakuona ila ukungu na kidole chake mwenyewe. Kisha, kwenye matete ya ng'ambo, kitu cheupe kikanyoosha shingo.

"Yule pale," akanong'ona. "Jamani, msipumue."

Jumatatu aliwatangazia wateja kwamba Jumamosi saluni itafunguliwa mchana. Walinung'unika, wakatishia kuhamia kwa msusi wa barabara ya pili. Wengi hawakuhama. Siku hizi wakifika mchana humkuta ana majani kwenye kitambaa cha kichwa na matope kwenye viatu, na kabla hajashika chanuo huwaambia wakae chini kwanza, wasikie alichokiona.