Lambo la Baba Halifungwi

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu nikiwa sokoni Mbulu nachagua vitunguu. Alisema seng'enge imeshafika kwetu Dirma, na Jumamosi wanalizungushia lambo la baba, kisha watatia kufuli. Vitunguu niliviacha pale pale. Kama unanijua, unajua Jumamosi sikukaa Mbulu.

Lambo lile, rafiki yangu, baba alilichimba kwa jembe kabla sijazaliwa, na kila kiangazi alilizoa tope. Trekta hakuwa nalo. Tope lilipakiwa juu ya ngozi kavu ya ng'ombe, maksai wawili wakaiburuta hadi ukingoni. Sisi watoto tuliingoja ngozi irudi tupu ili tuipande, na tulifika nyumbani na matope hadi masikioni. Mama alicheka, akatupa ugali na maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mpaka leo maziwa ya dukani nayanywa kwa adabu tu.

Baba alilea watoto tisa, na wajukuu ambao hata yeye aliwachanganya majina. Hakuwa malaika, hasira alikuwa nazo. Mwaka mmoja wa ukame niliwafukuza ng'ombe wa mama mmoja mjane aliyetoka mbali, ili wetu wanywe kwanza. Nilidhani nitasifiwa. Baba aliwaondoa wetu majini kwa fimbo, akamwita yule mama arudi. "Wetu wamelala hapa," aliniambia. "Hawa wametembea tangu alfajiri. Ng'ombe hajui mpaka wa shamba, anajua kiu." Wetu walisubiri hadi jua likaanza kushuka, nami nikasubiri nao, nikilia kwa aibu.

Kazi ile ya kuzoa tope aliifanya hadi miaka themanini na kitu. Mikono ilipokataa jembe, alishika kamba ya maksai. Mwaka jana tulimzika.

Jumamosi nilimkuta kaka ameshasimamisha nguzo nne. Alisema majirani wananywesha bure na siku hizi hakuna anayekuja kuzoa tope. Hapo alisema kweli, sikatai. Halafu akaongeza, "Wewe umeolewa Mbulu. Hapa huna sauti."

"Sauti sina, kaka. Jembe ninalo." Nikaingia topeni na gauni langu la safari.

Mchana akafika yule mama mjane, sasa bibi mkongwe, na ng'ombe wake wachache. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akaziangalia nguzo, akauliza taratibu, "Mwanangu, siku hizi tunaomba ruhusa kwa nani?" Kaka aliacha kuchimbia nguzo. Mimi swali lile liliniuma kama msiba mpya, maana baba akiwa hai hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Hakuna ruhusa ya kuomba, mama. Nywesha. Kesho waambie waje na majembe."

Wakaja kumi na mmoja. Ngozi hakuna tena, maksai hakuna, na aliyeshika kamba yao hayupo. Tuliburuta tope kwa turubai, kaka mwenyewe akivuta kona moja bila kunisemesha. Nguzo zake nne ameziacha zisimame, na mimi nimeziacha, mbuzi wapate pa kujikunia. Kufuli nimerudi nalo Mbulu kwenye mkoba wangu. Ufunguo uko chini ya maji, pale ng'ombe wanapokanyaga.