Sikukipima Kikiwaka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki kichwani. Nilikuwa fundi umeme kijana hapa Diani, na Mama Ndinda aliniita nimfungie kiyoyozi kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu aliyokuwa akiishi na mumewe, Mzee Mutua. Wote wawili walikuwa wamestaafu kazi za hoteli. Mapafu ya mzee yalikuwa yamechoka. Alipumua kwa mashine ya oksijeni, na joto la Februari lilimtesa.

Umeme ukikatika, jenereta yao ndogo ndiyo ingebeba kiyoyozi na mashine. Nilibana mita ya kupimia umeme kwenye waya kiyoyozi kikiwa kimeshatulia, nikaona namba ndogo, nikaridhika. Nilijua vyema kwamba kinapoanza kuwaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi, kufumba na kufumbua. Lakini nilikuwa na haraka, kazi nyingine ilinisubiri Msambweni.

Wiki haikuisha. Adhuhuri moja umeme ulikatika, Mama Ndinda akawasha jenereta. Kila kiyoyozi kilipojaribu kuwaka, jenereta ilizimika, na mashine ya oksijeni nayo. Bila kujua chanzo, alivuta kamba ya kuiwasha tena na tena mpaka viganja vikachubuka. Mzee alikata roho kabla jirani hajafika na gari.

Fundi Bakari, aliyenifundisha kazi, aliniuliza, "Ulikipima kikiwaka, au kikiwa kimeshawaka?"

"Kikiwa kimeshawaka, mwalimu."

"Nenda ukamwambie mjane."

Sikwenda. Nilisaidia kubeba jeneza hadi kwenye gari la kumpeleka kwao bara, mjane akanishukuru, nami nikaitikia. Alirudi Diani peke yake. Miezi mitatu ilipita ndipo nilipopiga hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nilimweleza yote, nikingoja matusi. Yeye alitazama viganja vyake.

"Kumbe si mikono yangu," alisema. "Kila siku nimekuwa nikijiambia, ningalivuta kwa nguvu zaidi, angalikuwa hai."

Alilia sana. Hakunisamehe siku ile, wala baadaye.

Basi nakusihi, mwanangu unayeanza kazi hii: pima chombo kinapoanza kuwaka, na vyote vinavyotegemea umeme huo viwe vimewashwa. Na ukikosea, kaseme siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukikaa kimya, yuko asiye na hatia anayejihukumu kwa kosa lako. Mungu akujalie mikono yenye subira na ulimi usioukimbia ukweli, na akuepushe na hodi kama ile niliyoipiga mimi.