Tochi ya Duarani

Mimi niliishia darasa la tatu. Shule yangu nyingine ilikuwa duara, lile shimo la dhahabu nililolichimba kwa mikono yangu Tarime wakati wa rashi, yaani mbio za dhahabu, watu walipokuja mpaka kutoka Serengeti, wameyakimbia mashamba kama yanaungua moto. Huko nilijua jambo moja: mtu haingii gizani bila tochi kichwani.

Ndiyo maana nilipokwenda kumtembelea binti yangu chuoni, tochi ilikuwa mfukoni. Aliniingiza katika chumba cheusi, hakuna dirisha.

"Baba, kaa hapa. Usiguse kitu."

Kwenye kompyuta kulikuwa na giza tupu, na ndani yake nukta moja ya kijani inatembea.

"Hicho ni kimeng'enya," akasema. "Fundi mdogo anayekarabati DNA. Nimempaka rangi inayong'aa. DNA nimeinyoosha kama kamba, katikati ina jeraha. Nataka nimwone akisimama pale."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Wengine hupima mamilioni kwa pamoja, wanapata wastani. Wastani hauonyeshi nani alisimama."

Hilo nililielewa upesi. Kiroba cha mawe hakikuambii jiwe lipi lina dhahabu.

Alikuwa akingoja tangu asubuhi, na saa kumi ilikuwa zamu ya mwingine kuitumia mashine ile ya kukuzia. Bila picha ya fundi huyo akisimama, kazi yake ya miaka isingekamilika. Nukta ikapunguza mwendo. Akainama. Nami nikataka kuona vizuri, mkono ukaenda wenyewe. Nikawasha tochi.

"Baba! Zima!"

Kompyuta yote ikawa nyeupe. Nilipozima, nukta haipo tena. Rangi ile hung'aa muda mfupi tu, kisha hufa.

"Unamulika giza ili uone mwanga?" akaniuliza. "Mzee wa duara wewe!"

Sikuwahi kumwomba mtoto wangu radhi. Siku ile niliomba. Nikatoa betri, nikamkabidhi. Hakununa. Akaweka kioo kingine chembamba chenye DNA, akaanza upya, vidole vimetulia kuliko vya mchimbaji yeyote niliyefanya naye kazi.

Saa kumi kasoro dakika chache, nukta ikatembea, ikapunguza, ikasimama. Ikakaa palepale.

"Umeiona, baba?"

"Nimeiona, mama."

Miaka yote nimejisifu kwamba hakuna punje ya dhahabu iliyonipita kwenye karai. Kumbe punje yangu ndogo kabisa, kwa binti yangu ni mlima.

Nikapanda basi la Tarime. Betri sikuzidai.