Wosha Iliyobaki Kwenye Trei

Muuza chapati aliturudishia jiko lake Jumatatu asubuhi, limefungwa kwenye gunia. Aliliweka mezani akasema, "Linanuka gesi hata likizimwa. Namshukuru Mungu nililinusa kabla sijawasha kiberiti."

Karakana yetu iko mtaa wa Kansanga, nyuma ya maduka, na kazi yetu ni kuunganisha majiko madogo ya gesi. Nililifungua jiko mbele yake. Kati ya koki na bomba hukaa wosha ya mpira, kiduara cheusi kama ukucha wa kidole cha mwisho. Haikuwepo. Nati ilikuwa imekazwa vizuri sana, chuma juu ya chuma, na gesi ikipenya hapo hapo.

Tulizoea kupima majiko machache tu kwa povu la sabuni. Siku hiyo tuliyapima yote yaliyokuwa rafuni, tukapata mengine mawili yanayovuja. Kila fundi huchora alama yake chini ya jiko, na yote matatu yalikuwa na alama ya dada mmoja, mama wa watoto wawili anaowalea peke yake. Kazi ya mikono yake ilikuwa safi kuliko ya sisi sote. Mwenye karakana hakupandisha sauti. "Mpaka Ijumaa," alisema. "Likivuja jingine lake, aende nyumbani."

Kesho yake nilivuta stuli nikakaa karibu naye, nikimwambia kwamba sikuja kumkamata bali kuangalia kazi inapomponyokea. Haikuchukua muda. Mzee mmoja aliingia kuulizia bomba. Dada akaweka spana chini, akapiga magoti kama alivyolelewa kwa Waganda, akamuuliza alilalaje, nyumbani hawajambo, akampa pole ya kazi. Mzee naye akajibu yote bila haraka. Dada aliposimama, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye bakuli la nati. Bakuli la wosha ukaliruka.

Sisi tuliotoka Bukavu husalimia huku mikono ikiendelea na kazi. Ndiyo maana kosa hilo halikutupata.

"Basi asipige magoti kazini," alisema mwenye karakana.

"Mzee aingie, mimi nikae kama kisiki?" dada akajibu. "Mama yangu akisikia, atakuja mwenyewe kuniuliza nani alinilea."

"Na akija, dada yangu," fundi Mnubi alidakia kutoka meza ya pili, "utampigia magoti, na jiko jingine litavuja!"

Tulicheka, hata dada mwenyewe, ingawa macho yake hayakucheka sana.

Kwanza nilibandika karatasi ukutani: KUMBUKA WOSHA. Kufikia mchana hakuna aliyeitazama tena. Na sikushangaa. Karatasi inamwomba mtu akumbuke, na kukumbuka ndiko kulikokuwa kukimponyoka. Tulihitaji kitu ambacho kingekumbuka kwa niaba yake.

Fikiria bakuli lililojaa wosha. Ukisahau kuchukua moja, bakuli linabaki vilevile, halikuambii lolote. Lakini ukipewa moja tu, ya jiko hili tu, ukiisahau itabaki pale inakutazama. Nilivuka barabara nikaomba trei kuukuu kwa muuza mayai. Katika kila shimo nikaweka vipande vya jiko moja: koki, wosha, nati, skrubu zake. Kanuni ikawa nyepesi: jiko halitoki mezani mpaka shimo lake liwe tupu.

Mwenye karakana alitaka kuijaribu mwenyewe. Alitoka nje, akajikohoza, akaingia kama mgeni. Dada akapiga magoti. Akatoka, akaingia tena, mpaka Mnubi akauliza kama mzee huyu hana kwao.

Alhamisi walikuja wageni wa kweli, wazee wawili wenye maneno mengi. Dada aliporudi mezani alichukua nati, akaikaza, akapeleka kidole shimoni kutafuta skrubu. Akaganda. "Ee! Wewe bado uko hapa?" aliiuliza wosha. Akalegeza nati, akaiweka, akakaza upya. Nilitaka kupiga makofi. Mkono ulikosea kama kawaida yake, ila kosa lilikamatwa pale pale mezani.

Ijumaa alasiri tuliyapanga majiko yake yote ya tangu trei ilipoanza, tukayaunganisha na gesi moja baada ya jingine, tukapaka povu kwenye kila nati. Dada alisimama nyuma yangu na sabuni mikononi. Kwenye jiko moja kipovu kilivimba. Kikapasuka. Nilifuta nati kwa kitambaa, nikapaka povu jipya, tukainama sote, vichwa vikikaribia kugongana. Povu likatulia tuli. Kile kipovu cha kwanza kilikuwa hewa tu iliyoletwa na brashi ya kupakia sabuni.

Tulipomaliza la mwisho, mwenye karakana alinyoosha mgongo. "Jumatatu ukija," alimwambia dada, "wafundishe hawa wengine kupanga trei."

Alichosikia dada, nadhani, ni lile neno Jumatatu. Aliketi sakafuni, mikono bado ina povu, akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Nnyabo, umekula leo?" nilimuuliza, nikimwita kwa heshima kama Waganda wamwitavyo mwanamke.

"Sijala tangu asubuhi. Chakula kilikuwa hakipiti."

Changu pia hakikuwa kimepita. Tulifunga gesi, tukanawa, tukaenda kwa yule muuza chapati.